Matanga Niliyoyalipia Mwenyewe

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimebeba magunia ya watu hapa Songea mpaka bega langu la kulia likashuka chini kuliko la kushoto. Shule niliishia darasa la tano, si kwa sababu sikuwa na akili, ni kwa sababu akili ilikuwa nyingi na ada haikuwepo. Leo ukifika Msamala ukauliza mashine ya Mapunda, hata mgeni aliyeshuka jana atakuonyesha. Mashine mbili za kusaga, moja ya kukoboa, nyumba ya bati la rangi, na mke mmoja tu kwa hiari yangu. Nimeibiwa, nimechomewa ghala, nimedhulumiwa na ndugu wa damu. Sikushangaa.

Naandika haya kwa ajili yako wewe unayekohoa hapo ulipo na kusema ni vumbi. Mimi pia nilisema ni vumbi. Kusaga nafaka ni kula unga kwa pua, kila mwenye mashine anajua hilo. Jioni ukipenga kamasi, inatoka nyeupe kama uji. Kwa hiyo kifua kilipoanza kunibana wakati wa mavuno ya mwaka ule, nikanywa maziwa, nikaendelea. Mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. Watu wakaniuliza mbona unapungua, nikawaambia matajiri wa siku hizi hawavimbi matumbo.

Mvua zilipokolea na mahindi ya Maposeni yakafika magotini, wakaja watu wa utafiti. Walikuwa wanne, wametoka chuo kikuu, na wote walikuwa na swali moja waliloligawana kama nyama ya kitoweo: mashine za kusaga zinamfanya nini mtu anayeishi nazo? Daktari alitaka mapafu yetu. Mama wa mimea alitaka mahindi yetu na vumbi la kwenye kona. Bwana wa uchumi alitaka kujua mtu akiugua anapoteza kiasi gani. Na dada wa saikolojia, huyo ndiye aliyekuwa hatari, alitaka kujua kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu anaumwa na haendi hospitali.

Wenye mashine wenzangu wa Ruhuwiko waliwakimbia wakidhani ni watu wa kodi. Mimi nilivuta kiti nikakaa katikati ya uwanja.

"Anzeni na mimi," nikasema. "Muone mapafu ya mwanaume, halafu hayo mengine myapime kwa kuyalinganisha na haya."

Mama wa mimea akaingia na kijiko, akakwangua ukutani nyuma ya mashine, akatoka na kitu cha kijani. "Baba, hii ni kuvu. Unasaga mahindi yasiyokauka."

"Hiyo ni rangi ya ukuta," nikamwambia.

Bwana wa uchumi akaniuliza napata kiasi gani kwa siku. Nikamjibu swali hilo hata mke wangu hajawahi kulifaulu. Watu wakacheka. Nilikuwa nimewashika mkononi. Ndipo yule dada wa saikolojia akauliza kwa upole kabisa, "Baba, umeanza kukohoa lini?"

"Mimi sikohoi. Nasafisha koo."

"Anasafisha koo tangu mavuno!" ikapaa sauti kutoka nje ya uwanja. "Hilo ni koo au ni choo cha soko?"

Huyo ni Mama Kalolo. Inabidi nimweleze, maana bila yeye usingesoma haya. Ni Mhehe wa Iringa, anauza maharage mbele ya mashine yangu, na mimi ni Mngoni. Mababu zetu walipigana mikuki mpaka wakachoka, na walipochoka wakaacha utani. Mhehe akinitukana sina ruhusa ya kukasirika. Nikikasirika natozwa faini, na aibu inabaki kwangu. Nami nina haki hiyo hiyo kwake. Kila asubuhi huniita mla panya, mimi humuuliza mbwa wa jirani wamekwenda wapi, maana Wahehe husemwa wanakula mbwa, kisha ananiuzia maharage kwa bei ya juu.

Daktari hakucheka. Alinipa kikopo chenye mfuniko, akanielekeza nikohoe alfajiri kabla sijala, makohozi ya kutoka chini kabisa, si mate. Nikakohoa kama trekta. Nilimkabidhi kwa majigambo, nikamwambia ajaze vizuri jina, asije akawapa wengine sifa zangu.

Waliniita baada ya siku chache. Nilikaa kwenye benchi la hospitali na watu wengine, kila mmoja akitazama viatu vyake. Kuna ukimya wa benchi lile ambao sijaukuta hata kanisani. Mtu akikohoa, wote wanatazama pembeni, kisha wewe unajibana usikohoe, na kifua kinakuwasha kama kina siafu. Nilipoingia, daktari alifunga daftari lake akaniambia, "Baba, ni kifua kikuu. Kinatibika. Dawa ni bure, miezi sita bila kuruka."

Sikushangaa. Nilitoka tu, nikakaa tena kwenye lile benchi, nikasahau mlango wa kutokea uko wapi. Nesi mmoja alikuja akanishika kiwiko. "Baba, ukiwa tayari tutakuonyesha." Hakuniharakisha. Mpaka leo nikipita pale na unga mzuri, namwachia.

Walinipa dawa na sharti moja: nitafute mtu wa kuniona nikimeza kila siku. Nikasema nitamtafuta. Nikaenda nyumbani, dawa nikazifukia ndani ya gunia la pumba, na mke wangu nikamwambia ni vumbi.

Unaniuliza kwa nini? Hata yule dada wa saikolojia aliniuliza. Fikiri mwenyewe. Mashine ya kusaga ni chakula cha watu. Nani ataleta mahindi yake yakasagwe na mwenye kifua kikuu? Halafu hapa kwetu ukisema kifua kikuu, watu wanaongeza na ukimwi kichwani kwao bila kukuuliza. Nilipanga nisubiri msimu uishe, niuze, nipande basi mpaka Mbeya ambako hakuna anayenijua, nikatibiwe huko kama mtu asiye na jina. Mpango mzuri, isipokuwa ulimhitaji mtu atakayekuwa hai mpaka msimu uishe.

Mama Editha, mke wangu, si mtu wa kelele. Alianza kufua mashuka yangu kila asubuhi, maana yalikuwa yanaloa jasho kama yametolewa mtoni. Kisha akahamishia mto wake chumba cha Editha, binti yetu. Kaka yangu akaja kutoka Maposeni, akaangalia mbavu zangu, akasema nimelogwa na mwenye mashine wa Ruhuwiko, anajua mtu wa kuniagua. Mke wangu akamjibu, "Shemeji, kama ni uchawi, mbona unatoka na damu kwenye kitambaa?" Kumbe kile kitambaa nilichodhani nimekichoma alikiona kabla ya moto.

Alinisihi niseme. Nikamfokea. Nikamwambia hii nyumba niliijenga mimi. Akanitazama, akasema, "Ndiyo, baba Editha. Na nani atakaa ndani yake?" Akachukua kanga yake akatoka. Nilidhani anakwenda kusali jumuiya. Alikwenda kwa Mama Kalolo.

Jumamosi ile, mchana kweupe, foleni ya wenye mahindi imefika barabarani, nikasikia kilio. Si kilio cha mchezo, kilio cha msiba, kile kinachomfanya mtu aache chungu jikoni. Nikatoka nikitweta kuuliza nani amekufa.

Nilikuwa nimekufa mimi.

Uwanja wangu ulikuwa umejaa Wahehe. Sijui aliwakusanya wapi: fundi baiskeli, mwalimu mmoja wa sekondari, wauza viazi. Wametandika mikeka, wamefunga kanga viunoni, wamewasha moto na sufuria langu kubwa liko jikoni. Mama Kalolo alikuwa amevaa koti langu la zamani, amejaza matambara kifuani, anatembea mbele ya foleni huku bega moja ameliangusha.

"Anzeni na mimi!" alikuwa anasema kwa sauti yangu kabisa. "Muone mapafu ya mwanaume!" Kisha akakohoa, akakohoa, akazunguka, akaanguka chali kwenye mkeka miguu juu. Wahehe wakapasuka kulia. "Mapunda wetu jamani! Alikuwa hashangai! Kifo kimemkuta hashangai!"

Foleni nzima ilikuwa inacheka mpaka watu wameshika magunia yasianguke. Fundi baiskeli akaja na tete akaanza kunipima, kichwa mpaka kisigino, akapaza sauti, "Kaburi liwe jembamba, marehemu amekwisha kukonda kwa hisani yake mwenyewe, tuokoe nguvu za wachimbaji."

"Ondokeni kwangu!" nikafoka.

"Amekasirika!" wakaitikia wote. "Faini! Mtani kakasirika!"

"Mama Kalolo, nitakuitia polisi."

"Ita," akasema kutoka kwenye mkeka, bado amekufa. "Waambie maiti imelalamika."

Kama hujakulia kwetu, unaweza kuona ni ukatili. Si ukatili. Msibani kwetu watani ndio wanaoruhusiwa kumuigiza marehemu, kumsema, kuwafanya waliofiwa wacheke wakiwa na machozi. Na matanga hayavunjwi mpaka watani wapewe chao. Lakini hakuna aliyewahi kuona matanga ambayo marehemu amesimama mlangoni na suruali iliyokazwa kwa mkanda wenye matundu ya msumari.

Ndipo Mama Kalolo akainuka, akakaa kitako, akavua lile koti. Vicheko vikafifia. Akanitazama, na safari hii kwa sauti yake mwenyewe akauliza, "Watu wanataka kujua, marehemu. Amekufa na nini?"

Mashine ilikuwa imezimwa, sijui nani aliizima. Nikamwona mke wangu kasimama kwenye kona ya nyumba, mikono kichwani kama mfiwa, na yeye hakuwa anaigiza. Lile ndilo lililonivunja. Yule mwanamke alikuwa ameshaanza kunizika moyoni, peke yake, chumba cha Editha.

"Kifua kikuu!" nikapiga kelele mbele ya Msamala yote. "Ni kifua kikuu! Na sijafa!"

"Unasema hujafa," akajibu Mama Kalolo. "Ushahidi uko wapi?"

Nikaenda kwenye gunia la pumba, nikachimba kama kuku, nikatoka na dawa zimejaa vumbi. Nikameza zote za siku ile palepale kwa maji ya kikombe cha bati, watu wakihesabu kwa sauti kila kidonge kinavyoshuka. Kidonge cha mwisho kilipopita, foleni ikapiga makofi. Mimi nimepigiwa makofi na foleni ya unga. Nani mwingine mjini hapa anaweza kusema hivyo?

"Haya," Mama Kalolo akatangaza. "Matanga yako wazi. Hayaanuliwi mpaka huyu mtu amalize dawa. Nitakuja kila asubuhi kuangalia kama maiti imeamka."

Nisikudanganye, wapo waliobeba magunia yao siku ile wakaenda kwingine. Wiki kadhaa mashine ilinguruma tumbo tupu. Nesi alishanielekeza nikae nje penye hewa siku za mwanzo, nisikae na watu chumbani, na nyumbani wote wapimwe. Wakapimwa, wakaonekana salama. Nikakaa nje kwenye kiti changu, na mke wangu akashika mashine. Na kama kuna mtu anabisha kwamba nilijua kuchagua mke, aangalie alivyoiendesha.

Kila asubuhi, kabla ya kupanga maharage yake, Mama Kalolo alisimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Marehemu, umeamka?"

"Nimeamka, Mhehe. Mbwa wangu simwoni."

"Meza kwanza, tutamtafuta baadaye. Fungua mdomo. Ulimi juu. Huo mdomo mkubwa hivi unaweza kuficha hata gunia."

Dawa zile zina tabia zake. Siku ya kwanza nilikwenda chooni nikaona mkojo mwekundu kama juisi ya rozela, nikatoka mbio suruali mkononi. Daktari alikuwa ameniambia, ila mimi wakati anasema nilikuwa natafuta mlango. Viungo viliuma, ngozi iliwasha, harufu ya ugali ilinichefua, mimi mtu wa unga! Mke wangu akanipikia likolo la majani ya maboga lenye karanga nyingi, kijiko kimoja kimoja. Mwenye ng'ombe mmoja wa jirani, Mwislamu wa kutoka Namtumbo ambaye tuliwahi kugombana kuhusu mpaka, akawa anatuma maziwa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Shukuru Mungu na unywe, usinitie maswali."

Mwezi wa pili ulipotimia, nikapimwa makohozi tena. Yakawa safi. Idadi ya vidonge ikapungua. Nikarudi nyumbani, jioni ile mke wangu akapita sebuleni na mto wake kwapani, akaingia chumbani kwetu, akauweka mahali pake. Hakusema neno. Mimi pia sikusema, na watu wanaonijua watakwambia hiyo si kawaida yangu.

Mtego ulikuja mwezi wa nne wa dawa. Mahindi yalikuwa yanakauka shambani, mimi nimenenepa mashavu, sikohoi, nabeba debe bila kutweta. Nikajiambia nimepona, vidonge ni vya wagonjwa. Na wewe ukifika hapo utajiambia hivyo hivyo, ndiyo maana nakwambia mapema. Asubuhi moja sikumletea Mama Kalolo kikombe cha maji ya kumezea dawa. Hakunitukana. Aliketi kwenye ndoo yake ya maharage, akafunika kichwa kwa kanga, akaanza kulia polepole, kilio kidogo cha mtu aliyechelewa msibani. Wateja wakavua kofia. Nikakimbilia kikombe.

Wale watu wa utafiti walikuwa wanarudi kila mara. Mama wa mimea alinifundisha kuuma punje ya hindi nisikie kama imekauka kweli, na nikakubali kwamba ile haikuwa rangi ya ukuta. Leo kwangu mahindi mabichi hayasagwi, vumbi linatoka kwa bomba, na wafanyakazi wangu wanavaa barakoa. Ruhuwiko wameniiga wote. Dada wa saikolojia alinisomea swali: ni nini kilinifanya nianze dawa, hofu, elimu, au familia?

"Andika matusi," nikamwambia.

Akacheka, akadhani natania. Nikamweleza habari ya matanga kuanzia mwanzo. Aliacha kucheka, akaomba nirudie polepole, akaandika mpaka kalamu ikaisha wino. Siku ya mrejesho, wenye mashine wa mji mzima wamekaa ukumbini, akasema mbele ya wakubwa kwamba hapa wamejifunza jambo ambalo hawakuja nalo. Walijifunza kwa nani? Kwa mtu wa darasa la tano na muuza maharage. Kisha nikapewa kipaza sauti, na kukirudisha ilikuwa kazi yao.

Dawa ya mwisho niliimeza Julai, kwenye baridi ile ya kwetu inayokausha midomo, mahindi mapya yanapukuchuliwa kila uwanja. Vipimo vilikuwa safi. Wahehe walikuja wote kuanua matanga, na safari hii nilipika mwenyewe. Bwana wa uchumi alikuwepo na makaratasi yake, maana alibakiza swali moja: jumla ya gharama.

"Subiri," Mama Kalolo akamwambia. "Hatujamlipisha."

Akanivuta mpaka kwenye mzani wangu wa magunia, akanipandisha. Kilo sitini na nne. Nilipoanza dawa nilikuwa hamsini na moja.

"Kilo kumi na tatu za Mngoni tumezifuga sisi," akatangaza. "Atazinunua. Tumuuzie bei gani, jamani?"

"Bei ya steki!" nikasema. "Hii si nyama ya kawaida."

"Bei ya utumbo!" akadakia fundi baiskeli.

"Steki!" Nikapiga kifua. Hakikutoa mlio wa debe tupu tena. "Ongeza! Mimi ni Mapunda!"

Sijui kama umewahi kuona mnunuzi anayegombea kupandisha bei na muuzaji anayeishusha. Watu walikaa chini kwa kucheka. Mke wangu alilia, safari hii machozi yalikuwa ya aina nyingine. Mwishowe Mama Kalolo akanyoosha mkono kwenye ubao wangu wa bei, akasoma mstari wa chini kabisa.

"Pumba. Mia tatu na hamsini kwa kilo. Ndimo zilimokuwa zimefichwa dawa, na ndiyo thamani yake. Nimemaliza."

Mtani akisema amemaliza, amemaliza. Nikalipa hapohapo, ile hamsini ya mwisho mke wangu akaitoa kwenye pindo la kanga. Mama Kalolo akazipokea kwa mikono miwili na kupiga goti, mara ya kwanza na ya mwisho kunipigia goti. "Matanga yameanuliwa," akasema. "Kaka yangu yu hai."

Bwana wa uchumi akakaa na kalamu hewani. Akaniuliza nauli, maziwa, wateja waliokimbia. Nikamwambia maziwa nilipewa, wateja wamerudi na wamekuja na wenzao, na nauli ni miguu yangu. Akauliza, sasa pesa ya watani aiweke wapi, kwenye mazishi au kwenye tiba.

"Tiba," nikamwambia. "Na usiongeze wala usipunguze. Kupona kwangu kumenigharimu shilingi elfu nne, mia tano na hamsini."